Jinsi ya kuchapa fulana yenye maneno yako mwenyewe, kwa watu wa Mbeya na jirani zake

Pita Mwanjelwa Jumamosi asubuhi usome vifua vya watu. Kijana anayebeba magunia ya viazi amevaa fulana inayomtangaza kuwa bibi bora duniani, kwa Kiingereza. Mama wa nyanya kavaa jina la chuo cha Ohio. Mwingine anasherehekea ubingwa wa timu ya Marekani ambayo haikuchukua ubingwa wowote: kule fulana za ubingwa huchapwa kwa timu zote mbili kabla ya fainali, na za walioshindwa zimegawiwa kwa miaka mingi kama msaada katika nchi za mbali. Hakuna dhambi hapo. Mtumba unanunuliwa kwa bei yake na kitambaa chake, maneno ni ya bure. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka maneno ya kifuani yawe yake, yaseme yeye ni nani, anatoka wapi au anasimamia nini, na yasimwaibishe baada ya kufuliwa mara tatu.

Nachapa nguo kwa riziki, lakini nitakaa kwenye maneno kuliko kwenye mashine. Mteja anayekuja kujuta, mara nyingi mambo yalishaharibika kabla hajafika kwa mchapaji.

Hatua ya 1: Amua unamwambia nani

Kanga imetuzoesha mchezo mmoja mtamu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara wa pwani walipoanza kuipa kanga jina (Mombasa anatajwa Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilibeba alama ya "Mali ya Abdulla"), mwanamke ameweza kumsema jirani bila kufungua mdomo. Anajifunga "Hasidi hana sababu", anapita mbele ya mlango fulani, mlengwa anaelewa. Akija juu anajibiwa: mwenzangu, hiyo kanga tu, nimeikuta dukani imeandikwa hivyo.

Fulana uliyoiagiza haikupi utetezi huo. Maneno umeyatunga, umeyalipia, na rangi umechagua mwenyewe. Kila atakayeyasoma anajua ni wewe unayesema, na watayasoma wote: konda, mwalimu wa mwanao, baba mkwe, askari wa barabarani. Kwa hiyo fumbo la kumpiga mtu mmoja liache. Kama una ugomvi, kanga bado zipo madukani na kazi hiyo zinaiweza.

Hatua ya 2: Tafuta maneno yasiyomfaa mwingine

Hapa ndipo penye kazi, usipakimbie.

Chukua dereva wa bodaboda wa kijiwe cha Kabwe anayetaka fulana ya kazini. Maneno ya kwanza anayoyaleta huwa ya namna hii: "Mimi ni kijana mchapakazi, ninayejituma na kumtegemea Mungu katika kila jambo." Yote kweli, ila hiyo ni barua ya kuomba kazi, hakuna abiria atakayeimaliza. Mwambie apunguze, anaangukia "Mungu kwanza". Ni fupi, ni njema, na iko kwenye kila bajaji ya pili mjini. Haimtofautishi na mtu. Sasa muulize: wewe unafanya nini ambacho wenzako pale kijiweni hawafanyi? Atafikiri kidogo, atasema yeye safari za usiku hakatai. Za wapi? Uyole. Basi andika hivyo:

KABWE – UYOLE
HATA USIKU

Sasa tunajua huyu ni nani na anafanya nini, na abiria wa saa nne usiku ana sababu ya kumwita yeye na si jirani yake.

Fanya vivyo hivyo na maneno yako. Andika unachotaka kusema kirefu kama kilivyo, kisha jiulize ni nani mwingine angeweza kuivaa fulana hiyo hiyo. Kama jibu ni mtu yeyote, rudi ndani zaidi: mtaa, zao, kazi, ukoo, tabia ambayo nyumbani wanakucheka nayo. "Mkulima" ni nusu ya mkoa. "Nalima pareto, usiniulize bei" ni mtu mmoja na tayari unamsikia sauti. "Sina haraka, natoka Makete" inaeleweka na kila aliyewahi kupanda gari la kule wakati wa mvua. "Mtoto wa Mufindi, chai bila sukari" nayo haihitaji maelezo.

Lugha za nyumbani zina nguvu sana kwenye nguo, hasa ukiwa mbali. Vaa salamu ya "Kamwene" Kariakoo uone Wahehe na Wabena watakavyojitokeza kwenye maduka. "Ndaga fijo", yaani asante sana, itakuletea Wanyakyusa hivyo hivyo. Masharti ni mawili. Tahajia kamuulize mtu mzima anayeijua lugha, maana lugha zetu wengi tunaziandika kwa kubahatisha masikio, na mtu wa Tukuyu ataiona herufi iliyokosewa kabla hajauona uso wako. Pili, ukivaa salamu utasalimiwa. Kama huwezi kuendelea zaidi ya hapo, jiandae kuchekwa kidogo, ambako si kubaya.

Fulana za ukoo siku hizi ni biashara kubwa. Watu wanakutana Desemba, wote wamevaa rangi moja, mgongoni jina la ukoo linaloanza na Mwa- na jina la kijiji. Hapa hatari haiko kwenye maneno, iko kwenye matawi. Ukiandika jina la babu mmoja, wajukuu wa ndugu yake watauliza wao ni wageni waalikwa au vipi. Mpelekee mzee wa ukoo maneno kwenye karatasi kabla hujalipa hata shilingi.

Na kwa watu wa Iringa: ukimweka Mkwawa, hakikisha historia imekaa sawa. Vita vya Lugalo ni Agosti 1891, kifo chake ni 1898, fuvu lilirudishwa 1954. Makumbusho yake yako Kalenga, nje kidogo ya mji, na wenyeji wa pale hawakosi mwaka hata mmoja. Ukichanganya 1891 na 1898 kifuani utasahihishwa na mtoto wa darasa la nne mbele ya marafiki zako.

Misimu ya mtaani sikushauri. Neno linalochekesha mwezi huu litakuwa limechacha kabla fulana haijapauka, na mengine yana maana ya pili ambayo wewe ndiye wa mwisho kuijua.

Hatua ya 3: Yaseme kwa sauti

Simama, yasome maneno yako kama unamwambia mtu. Yasome mbele ya mama au shangazi, kisha mbele ya rafiki mwenye mdomo. Mama atakuonyesha panapokosa adabu, rafiki atakuonyesha panapochekesha bila kukusudia.

Halafu fikiria msiba. Huku kwetu msiba haukupi nafasi ya kwenda kubadilisha. Simu inaingia uko kazini, unapanda gari la Tukuyu kama ulivyo, na ndani ya saa mbili umekaa kwenye mkeka na wafiwa. Fulana yako inasemaje hapo? Kama jibu linakutoa jasho, sogeza maneno mgongoni au yapunguze, uweze kuyafunika kwa kitenge au koti.

Hatua ya 4: Mambo ya sheria, kwa kifupi

Nembo ya taifa ina sheria yake, usiiweke kwenye nguo ya biashara bila kibali. Kitambaa cha madoadoa ya kijeshi kiache kabisa, hata kama maneno yako ni ya amani. Raia kuvaa kinachofanana na sare ya jeshi ni kosa na watu wanakamatwa. Nembo ya kampuni au timu ni mali ya mwenyewe. Na kama neno lako limeanza kupendwa hadi unataka kuliuza, alama za biashara zinasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, nenda mapema kabla jirani hajalitangulia.

Hatua ya 5: Chagua nguo ukikumbuka baridi

Miongozo mingi ya fulana imeandikwa na watu wa pwani. Mbeya mjini uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Kuanzia Juni hadi Agosti, fulana yako nzuri itakaa chini ya sweta, sweta chini ya koti, na maneno yako yatasomwa na wewe peke yako wakati wa kuoga. Kwa hiyo amua mapema: unataka fulana ya Septemba hadi Mei, au unataka nguo ya nje?

Kama ni ya nje, hudi inabeba maneno vizuri, na mgongo wake una nafasi kubwa kuliko kifua, ambacho kimekatwa na zipu au mfuko. Sweta la kufumwa usilichape. Kitambaa kinavutika, wino hauvutiki kwa kiasi hicho, utapasuka. Sweta linataka kudariziwa, na bahati yetu ni kwamba wanafunzi wa huku wanavaa masweta, kwa hiyo mafundi wa kudarizi nembo za shule wapo. Fundi anayeweza kudarizi nembo ya sekondari hawezi kushindwa na maneno mawili yako. Kofia ya sufu nayo inafaa, neno moja mbele, basi.

Fulana yenyewe chukua ya pamba. Uzito wake wauzaji huutaja kwa GSM, yaani gramu kwa mita ya mraba. 160 hadi 180 inatosha. Chini ya hapo, inue uitazame kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, iache. Fulana ya kola, ile tunayoiita fomu siksi, inapendeza kwa kikundi au ofisi, lakini vifungo vinakula sehemu ya juu ya kifua, kwa hivyo maneno yawe madogo upande wa moyo na makubwa mgongoni.

Unaweza pia kununua fulana tupu ya mtumba, na nyingine ni nzito kuliko mpya za dukani. Ifue kwanza bila dawa ya kulainisha nguo, ikauke kabisa. Unyevu ukibaki, bandiko halishiki.

Rangi. Kijani na njano nusu ya watu watasoma chama, nusu watasoma Yanga, maneno yako hayatasomwa na mtu. Nyekundu na nyeupe inakupeleka Simba. Zambarau hapa Mbeya ni ya Mbeya City, na kama wewe ni wa Prisons utaeleza hadi uchoke. Bluu iliyoiva, kijivu, kahawia au nyeusi hazina ugomvi na mtu. Kisha herufi zipishane na kitambaa kwa mwanga: nyeupe juu ya bluu, njano juu ya nyeusi. Nyekundu juu ya nyeusi inaonekana nzuri kwenye simu na inapotea barabarani.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kuchapa

Kwa fulana moja hadi chache, hasa zenye rangi nyingi, omba DTF. Maneno yanachapwa kwenye karatasi ya plastiki, yanamwagiwa unga wa gundi, kisha yanabandikwa kwa mashine ya presi kwenye joto la nyuzi 150 hadi 165 kwa sekunde 10 hadi 15. Inakaa kwenye pamba na kwenye poliesta, rangi yoyote ya kitambaa.

Kwa fulana nyingi zinazofanana, za ukoo, kwaya au kijiwe, skrini, yaani wino kusukumwa kupitia wavu wenye maneno yako, bado ndiyo mfalme. Kila rangi inahitaji skrini yake, ndiyo maana fulana mbili kwa skrini zinauma mfuko na hamsini zinakuwa nafuu. Wino wa plastisoli unataka kuivishwa kwenye nyuzi 160 hivi. Wachapaji wenye haraka wanauivisha nusu. Ukipokea mzigo, chukua fulana moja, vuta kitambaa taratibu pale penye herufi: wino ukipasuka na kubaki umepasuka, haukuiva. Rudisha siku hiyo hiyo, usisubiri kufua.

Vinili, plastiki nyembamba inayokatwa herufi na kubandikwa kwa joto, inafaa kwa majina na namba, kama za jezi. Sublimesheni, ambayo wino wake unageuka mvuke na kuingia kwenye nyuzi za kitambaa, inatumia joto la nyuzi 200 hivi na inakaa kwenye poliesta nyeupe au ya rangi hafifu tu. Akikuambia atakufanyia sublimesheni kwenye pamba nyeusi, shukuru uende duka la pili.

Umeme ukikatika wakati kazi yako iko mezani, subiri. Wapo watakaokupa kazi ya pasi ya mkaa ili usiondoke, na pasi ya mkaa ina moto mkali sehemu moja na baridi nyingine. Pembe za herufi zitanyanyuka wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Panga herufi zisomeke

Mwaka 1984 mbunifu wa mavazi wa Uingereza, Katharine Hamnett, alikwenda kukutana na Waziri Mkuu Margaret Thatcher akiwa na fulana nyeupe iliyosema asilimia 58 ya watu hawataki makombora ya nyuklia ya Pershing. Herufi nyeusi, nene, zimejaza mbele yote. Hakukuwa na picha, ua wala nyota. Mpiga picha alichohitaji ni kubofya tu, na ujumbe ukasomeka gazetini. Sisemi uende Ikulu. Nasema angalia alivyoacha kila kisichohitajika.

Kipimo kizuri ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Unataka usomwe na mtu wa upande wa pili wa barabara, mita 9, herufi ziwe na sentimita 7 na nusu. Upana wa maneno kifuani kwa mtu mzima usizidi sentimita 28 hadi 30, na yaanzie vidole vinne chini ya kola. Yakishuka hadi tumboni yanakunjika kila ukikaa.

Kiswahili kina maneno marefu na hapa kinatubana. "Tunawakaribisha" lina herufi 15. Kwenye sentimita 28 kila moja inapata chini ya sentimita 2 za upana. "Kamwene" ina saba, kila herufi inapata 4. Basi ukiweza kuchagua kati ya maneno mawili yanayosema jambo moja, chukua fupi. Ukishindwa, gawa mistari mahali pa kupumulia, si katikati ya neno. "HATA USIKU" ikae mstari wake. Kamwe usikubali mchapaji akate "UYO-" juu na "LE" chini.

Aina ya herufi iwe moja. Herufi za kuandika kwa mkono, zile za kadi ya harusi, ziache harusini.

Hatua ya 8: Mpe mchapaji maneno kwa maandishi

Usimtumie kwa sauti, wala usimsomee kwa simu ukiwa stendi. Na ukiandika kwenye simu, angalia kisahihishaji: simu iliyowekwa Kiingereza inageuza "kama" kuwa "karma" na "wana" kuwa "wanna" kabla hujaondoa kidole. Maneno ya Kinyakyusa na Kihehe ndiyo hayaponi kabisa. Kizime, au andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, piga picha, tuma.

Kisha dai dizaini kabla ya kuchapa, ikiwa imewekwa juu ya picha ya fulana ya rangi yako. Isome neno kwa neno kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ukisoma kawaida macho yanarukia unachokijua na kosa linapita. Tazama hasa R na L, maana "hatali" imeshatoka kwenye mashine nyingi za mji huu. Mwonyeshe mtu ambaye hajawahi kuyaona maneno hayo, mpe sekunde tatu, uifiche simu, muulize kimeandikwa nini. Akikosea, herufi ni ndogo au mpangilio ni mbaya. Ukiridhika, jibu kwa maandishi kwamba umekubali. Likitokea kosa baada ya hapo, mnajua nani analipa.

Bei muulize kwa kuitenga: fulana peke yake, kuchapa peke yake, mbele na nyuma kando. Ukipewa jumla moja, huwezi kujua kama umeletewa fulana nyepesi.

Hatua ya 9: Fua na anika

Subiri saa 24 kabla ya kufua mara ya kwanza. Igeuze nje ndani, maji ya baridi, sabuni ya kawaida, usiiloweke usiku kucha na usisugue herufi kwa brashi. Jiki iwekwe mbali.

Kuanika ndiko kunakoua fulana nyingi huku. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hazitoi nafasi, na tabia yetu ni kuitundika nguo karibu na jiko la mkaa. Moto huo unalainisha gundi ya DTF na vinili. Ukiikunja ikiwa hivyo, herufi zinagandana. Itundike ndani, dirishani au kwenye korido yenye upepo, hata ikichukua siku mbili. Kupiga pasi ni upande wa ndani tu.

Pembe ya bandiko ikianza kunyanyuka, weka karatasi ya kuokea juu yake, pasi ya umeme kwenye kipimo cha pamba bila mvuke, kandamiza sekunde 10 hadi 15, acha ipoe kabla ya kuondoa karatasi. Wino wa skrini ukishapasuka hauna dawa. Ndiyo maana, siku unayochukua mzigo, mwombe mchapaji akutumie faili ya dizaini kwenye barua pepe yako. Simu zao zinaibiwa, kompyuta zao zinaingia virusi, na ukirudi Juni ijayo kutaka hudi yenye maneno yale yale utaambiwa tuanze upya, na utalipia.